Sifa za Turubai Lenye Tumbo

Mvua za Septemba zikianza kunyesha Nakivale, makazi ya wakimbizi nchini Uganda, hakuna mwenye nyumba anayethubutu kulidharau turubai. Lina mita 4 kwa 5, limefumwa kwa nyuzi za plastiki na kupakwa plastiki juu na chini, na usiku wa mvua kubwa huota tumbo juu ya kitanda cha watoto. Mama mwenye nyumba anaamka, anashika ufagio, analisukuma tumbo kutoka chini kwa mpini, na maji yanamwagika nje kwa kishindo. Anarudi kulala. Haupiti muda, tumbo limeota upya upande wa jikoni. Watu hulilaani. Mimi nalisifu, kwa sababu katika makazi haya, yaliyopokea wakimbizi tangu mwisho wa miaka ya 1950, sijaona mwalimu wa fizikia aliye na bidii kulishinda.

Kwanza lina moyo wa kuweka akiba. Tumbo la mita moja ya mraba, lenye kina cha wastani wa sentimita 10, limebeba lita 100. Hizo ni jerikani tano zilizojaa hadi mdomoni, zimening'inia juu ya uso wa mtoto. Kila linavyozidi kushuka linapokea maji mengi zaidi, na kila linavyopokea linazidi kushuka. Asubuhi watu hupanga jerikani foleni bombani kutafuta kile ambacho usiku kucha kilikuwa kinawatisha kutoka juu.

Lakini sifa inayonifanya nilipende ni kwamba turubai halijui ubinafsi. Jirani mmoja akikaza kamba ya pembe yake, hakuna sehemu hata moja ya turubai inayobaki pale ilipokuwa. Familia mbili zikiunganisha paa moja, mazungumzo ya alfajiri huwa haya:

"Mama Furaha, usiku umevuta kamba gani?"

"Yangu tu, ndugu yangu. Ya kwako sijaigusa."

"Basi hiyo yako ndiyo iliyoniletea maji."

Wote wawili wanasema kweli, na ukweli huo una kanuni. Mfaransa Pierre-Simon Laplace, aliyezaliwa 1749, ameachia jina lake mlinganyo unaoeleza umbo la utando uliovutwa sawasawa kila upande bila kubeba mzigo. Poisson, Mfaransa mwenzake, akaongeza mzigo. Maana yake kwa lugha ya nyumbani ni hii: chora duara popote juu ya turubai tupu lililokazwa, na kimo cha katikati ya duara hilo ni wastani wa kimo cha mzunguko wake wote. Kila nukta inawasikiliza majirani zake, na hao majirani wanawasikiliza wa kwao, mpaka kwenye kamba. Ukishusha pembe moja, habari zinafika kila mahali. Huwezi kutengeneza kipande chako ukaacha cha mwenzako kama kilivyo.

Na kwa kuwa turubai ni bapa, lina urefu na upana tu, athari hiyo inachelewa sana kufifia. Kaa la moto likifukiwa chini sana ardhini na kuendelea kutoa joto lilelile, ukienda umbali maradufu ongezeko la joto linapungua kwa nusu. Udongo umelizunguka pande zote, hata juu na chini. Turubai halina huruma hiyo. Weka kijiwe katikati yake, kisha pima jinsi linavyopanda ukitoka kwenye kijiwe. Kutoka sentimita 5 hadi 10 linapanda kiasi fulani. Kutoka 10 hadi 20 linapanda kiasi kilekile. Kutoka nusu mita hadi mita nzima, kilekile tena. Lingekuwa halina kingo, kijiwe kimoja kingelizamisha bila kikomo. Kinacholiokoa ni kamba na vigingi, wala si umbali.

Huko Kamukuzi, kilima cha Mbarara palipokuwa na ikulu ya Omugabe, mfalme wa Ankole, watu wa kale waliuheshimu utando uliovutwa kuliko sisi. Ngoma ya kifalme, Bagyendanwa, ilikuwa kiini cha dola yenyewe, hadi Uganda ilipofuta falme mwaka 1967. Ngozi ya ngoma yoyote haina nukta yenye sauti yake peke yake. Ukiigonga pembeni, inajibu nzima. Mwaka 1966 mwanahisabati Mark Kac aliuliza kama mtu anaweza kujua umbo la ngoma kwa kuisikia tu. Jibu lilipatikana 1992: si kila mara, kwani yapo maumbo mawili tofauti yenye milio ileile.

Kamukuzi hiyohiyo, siku ya harusi, utaona mahema ya kukodi yamesimama na vilele vyake, na mvua inateleza hadi chini bila kumgusa bibi harusi. Kitambaa chao hakina uchawi. Kanuni ileile ya wastani inakataza kilima kujitokeza katikati ya utando: sehemu ya juu kabisa lazima iwe pale uliposhikiliwa. Hema la harusi limeshikiliwa katikati kwa nguzo. Turubai la Nakivale mara nyingi limeshikiliwa pembeni tu, kisha tunalilaumu kwa kuota tumbo. Linatii. Mwenye nyumba angeweza kukaza kamba mpaka mikono itoke malengelenge, asipate kilima hata cha kimo cha kidole.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa Nakivale na wa Mbarara waanze somo hili hapo nje, chini ya turubai lenyewe, kabla ya kuandika mlinganyo ubaoni. Na wewe unayekwenda kumsaidia jirani kabla ya mvua, usianze na kamba. Mpelekee nguzo moja ya katikati, ndefu kuliko za pembeni. Usiichonge ncha: kadiri mguso ulivyo mdogo ndivyo mvuto unavyorundikana mahali pamoja, na plastiki itatoboka. Kifunge kichwa cha nguzo kwa matambara mengi, au kivike kifuniko cha ndoo, ndipo uinue. Halafu zungukeni pamoja mkague kamba zote nne, maana zote zitakuwa zimebadilika.