Mjomba wa Hao Watoto Yuko Wapi?

Kilosa ukisoma kitabu hadharani umeitisha mkutano. Mtu akikukuta unakula anapita kwa adabu akisubiri umkaribishe. Akikukuta unasoma hasubiri. Anavuta kigoda, anauliza kinahusu nini, na kabla hujamaliza sentensi ya pili ameshatoa hukumu isiyo na rufaa. Sina ugomvi na maoni ya watu. Nina ugomvi na maoni ya watu ambao hawajafungua hata ukurasa mmoja, wakiyatoa kwa sauti kubwa kuliko mimi niliyenunua miwani.

Chanzo ni mpwa wangu anayefanya usafi kwenye loji moja ya watalii huko Mikumi. Watalii wakishamaliza kupiga picha twiga huacha vitu vyumbani: mafuta ya kuzuia jua, kandambili ya mguu mmoja, na vitabu vinene. Vitabu huletwa kwangu, maana ukoo mzima umeshakubaliana kwamba mwalimu mstaafu hana kazi. Safari hii alileta Flowers in the Attic cha Mmarekani V.C. Andrews, toleo la zamani ambalo jalada lake limekatwa tundu kwa makusudi, uso wa mtoto unachungulia kutoka ndani. Shemeji yangu alipoliona tundu lile alisema panya wa Kilosa sasa wameanza kusoma.

Kitabu kilitoka mwaka 1979. Baba anafariki kwa ajali ya gari. Mjane wake, Corrine, anabaki na madeni na watoto wanne: Chris, Cathy, na mapacha Cory na Carrie. Anawapeleka Virginia kwenye jumba la wazazi wake, matajiri ambao walimfukuza na kumnyima urithi kwa kuolewa na baba yake mdogo, wa tumbo jingine. Mpango ni watoto wafichwe chumba cha juu na darini kwa siku chache, mpaka babu afe bila kujua kwamba wapo. Siku chache zinageuka zaidi ya miaka mitatu. Bibi analeta chakula na matusi yaliyofungwa kwa maandiko. Mama anapunguza kuja, anaolewa na mwingine, na mwishowe donati za sukari ya unga zinaletwa zikiwa zimetiwa sumu ya aseniki. Pacha mmoja anakufa. Wale wakubwa wawili, waliofungiwa pamoja hadi wakapevuka, wanafika mahali ambapo kaka na dada hawafiki, na kwa sababu hiyo shule kadhaa za Marekani zilikiondoa kwenye maktaba zao.

Niliulizwa kwa kinyozi, nikasimulia. Wa kwanza kusimama alikuwa fundi seremala. Hakujali sumu wala mama. Alitaka kujua habari za dari. Dari gani hiyo ya kubeba watoto wanne, wakati silingi bodi za hapa hazibebi paka mnene? Na joto la Novemba chini ya bati? Saa tatu tu wangekuwa wamekauka kama dagaa. Nikamweleza kwamba wenzetu wana orofa zima chini ya paa la kuweka vitu wasivyotaka kuviona wala kuvitupa. Akasema sisi vitu hivyo huviweka uvunguni, na kitabu kingepungua kurasa mia mbili.

Mama muuza maandazi naye akaja juu. Aliposikia habari ya donati aliniomba, kwa heshima zote, nisiisimulie tena karibu na meza yake asubuhi. Tangu nianze, mteja mmoja amekuwa akipangusa sukari kwanza kabla ya kung'ata.

Lakini aliyenitesa kuliko wote ni mzee mmoja mstaafu wa reli, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye tawi la Kilosa kwenda Mikumi na Kidatu. Ni Mkaguru, na Wakaguru, kama walivyo Wasagara na Waluguru, huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja tu: “Mwalimu, mjomba wa hao watoto yuko wapi?”

Nikamwambia Corrine alikuwa na kaka wawili, Mal na Joel, wote walishakufa. Akakataa. Mtoto wa dada haachwi hivyo. Hata kama wamekufa, nani alirithi nafasi yao? Kikao cha ukoo kilikaa lini? Muhtasari uliandikwa na nani? Mahakama ya Mwanzo ilimthibitisha nani kuwa msimamizi wa mirathi? Maana hapa huwezi kugusa mirathi bila cheti cha kifo, muhtasari wa kikao na tangazo, ili mwenye kupinga ajitokeze. Huyo Corrine angepingwa na mitaa mitatu. Tena watoto wanne wafichwe miaka mitatu balozi wa nyumba kumi asijue? Hapa ukichemsha maharage yasiyo yako jirani anajua kabla hayajaiva.

Nikapuuza. Mpwa wangu akapata vitabu vilivyofuata: Petals on the Wind cha 1980, If There Be Thorns cha 1981, na Seeds of Yesterday cha 1984. Nikafika hicho cha nne, na huko, wallahi, Joel anatokea. Mjomba aliyedhaniwa amekufa yupo jumbani, mzee, ana maandiko mengi kama bibi na roho mbaya vilevile. Nikamweleza mzee wa reli nikidhani atasikitishwa na tabia ya mjomba huyo. Hakujali tabia. Alizunguka mtaa mzima akitangaza kwamba alisema tangu mwanzo mjomba yupo, na mwalimu na elimu yake yote alibisha.

Wakati huo vijana walikuwa na vita yao. Dereva wa bodaboda aliapa kwamba mama yule anakufa siku ya harusi yake, akinyongwa na shela lake mwenyewe. Binti wa saluni aliapa kwamba hafi, watoto wanatoroka tu. Walitukanana hadi wakaacha kusalimiana. Kumbe wote wawili wana haki. Kuna filamu ya 1987 ya Jeffrey Bloom, Louise Fletcher akicheza bibi, ambayo iliogopa mambo ya kaka na dada ikayapunguza, kisha ikajitungia kifo cha shela. Na kuna ya televisheni ya 2014, Ellen Burstyn akiwa bibi na Heather Graham akiwa mama, inayofuata kitabu kwa karibu zaidi. Aliyewarushia kwenye flashi aliziandika zote mbili jina moja, kwa herufi kubwa: DARINI. Nilipowapatanisha kwa ushahidi huo waliungana dhidi yangu, wakisema nimewaharibia utamu. Mwaka 2022 wakaongeza tamthilia ya vipande vinne kuhusu ujana wa bibi, nami nimeapa kutomwambia mtu.

Halafu likaja suala la mwandishi. Andrews alifariki Desemba 1986, lakini vitabu vyenye jina lake havijakoma kutoka. Kinyozi alisimamisha mashine katikati ya kichwa cha mteja: marehemu anaandika? Nikaeleza kwamba familia na mchapishaji walimpa kazi Andrew Neiderman, naye akaendelea kuandika kwa jina la marehemu. Hata serikali ya Marekani ilidai kodi ya mirathi kwa jina lenyewe, kesi ikaamuliwa mwaka 1994, na mahakama ikakubali kwamba jina nalo ni mali. Mzee wa reli alicheka hadi akakohoa. Kwao Ukaguru mjukuu hurithi jina la babu bila kulipa hata senti.

Baada ya yote hayo wakafikia uamuzi wa pamoja: haya ni mambo ya Ulaya. Niliwakumbusha kwamba Ulaya ni kata, tena imo humu humu wilayani Kilosa. Hawakucheka. Wakarudia: sisi Waafrika hatuna mambo hayo.

Hapo ndipo nilipokasirika kweli. Hatuna? Euphrase Kezilahabi alituandikia Rosa Mistika mwaka 1971, baba anamfungia binti kwa ukali hadi binti anaharibikiwa. Tukafanya nini? Tukakipiga marufuku mashuleni, kisha miaka ikapita tukakitungia maswali ya mtihani. C.G. Mung'ong'o alitupa Mirathi ya Hatari mwaka 1977, kijana anarithishwa uchawi wa baba yake kama mtu anavyorithishwa shamba. Filamu za Mussa Banzi, Nsyuka na Shumileta, zilijaza vibanda umiza na waliozitazama ni hawa hawa, wakirudi nyumbani kwa makundi kwa kuogopa giza. Ukoo unaokula watoto wake tunaujua vizuri. Tunachokataa ni kuuona mchana.

Nitawaambia kitu kimoja ambacho hakikusemwa kwa kinyozi. Andrews alitembelea magongo na kiti cha magurudumu tangu ujana, akaishi na mama yake maisha yake yote. Alijua chumba ni nini. Nasi tunavyo vyumba. Kila mwaka, wakati wa kuandikisha watoto wa darasa la kwanza, mwalimu anayepita nyumba kwa nyumba huambiwa watoto ni watatu, huku wa nne anasikika nyuma ya pazia. Hatembei, au hasemi, na wageni wakija hufungiwa. Nimefundisha miaka mingi, nimesikia sauti hizo, na majirani wote walizisikia. Yule balozi ambaye hakosi kujua maharage ya nani yanachemka, hili halijui. Sheria ya Mtoto ipo tangu 2009, ya Watu Wenye Ulemavu tangu 2010, na silingi bodi haikuhitajika hata moja.

Nilipoyasema haya barazani palikuwa kimya, kisha mzee wa reli akasema kwa unyonge kwamba nimeharibu mazungumzo. Sawa. Lakini yeye ndiye aliyeuliza mjomba yuko wapi. Mjomba yuko kwa kinyozi, ananyolewa, anabishana kuhusu shela.

Namba ya kutoa taarifa za watoto ni 116, haitozwi hata shilingi. Na kitabu cha pili kimetoweka mezani kwangu. Najua aliyekichukua, maana ndiye aliyepiga kelele kuliko wote kwamba haya ni mambo ya Ulaya. Akimaliza akirudishe, na asinihadithie mwisho.