Msimu Bora wa Kwenda Ghana: Mwongozo kwa Asiyependa Jasho

Ndugu msafiri, umeuliza swali la maana: ni mwezi gani mtu anaweza kwenda Ghana asisumbuliwe na joto? Mwezi huo bado haujaumbwa. Accra iko nyuzi tano na nusu tu kaskazini mwa ikweta, na jua la huko halijui sikukuu. Lakini usirudishe begi kabatini. Kuteseka utateseka, mwongozo huu utakusaidia kuchagua namna ya mateso inayolingana na tabia yako na mfuko wako.

Hatua ya 1: Acha kalenda yenu nyumbani

Wewe umezoea masika, kipupwe, vuli na kiangazi, na unadhani Afrika nzima inafuata ratiba hiyo. Ghana ina ratiba mbili. Kusini mvua hunyesha mara mbili: kubwa kuanzia Aprili hadi Julai, kilele chake kikiwa Juni, na ndogo kati ya Septemba na Novemba. Kaskazini msimu wa mvua ni mmoja tu, takriban Mei hadi Oktoba. Kwa hiyo mtu akikuambia "Ghana sasa ni kukavu", muulize Ghana ipi.

Hata pwani yenyewe haielewani. Axim, kusini magharibi, hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Accra, iliyo kwenye pwani hiyo hiyo, haifikishi hata nusu ya hizo. Ukisoma kwamba pwani ya Afrika Magharibi ina mvua nyingi ukabeba miavuli miwili Accra, utafungua biashara ya miavuli.

Hatua ya 2: Desemba, kama pesa zinakuwasha

Huu ndio msimu wa wenye nazo. Tangu Ghana ilipoutangaza mwaka 2019 kuwa Mwaka wa Kurejea, kuadhimisha miaka 400 tangu Waafrika waliotekwa wafikishwe Virginia mwaka 1619, Desemba ya Accra imekuwa ya watu wa London, New York na Toronto. Kuna muziki kila usiku, bei za vyumba hupaa, na foleni ya magari itakupa muda wa kutosha kutafakari maisha yako.

Kisha unakuja harmattan, upepo mkavu unaoleta vumbi la Sahara, sehemu yake kubwa kutoka bonde la Bodélé huko Chad. Vumbi hilo hukaa kwenye vitabu, kwenye chai na kwenye shati jeupe ulilonunua kwa ajili ya picha. Likizidi sana, hata ndege hushindwa kutua.

Wenyeji wanaiita hali hii baridi, nao hawatanii. Alfajiri ya Januari mjini Tamale, mama anayeuza koko, uji wa uwele wenye tangawizi na pilipili, hukaa nyuma ya sufuria amevaa sweta na kofia ya sufu. Wewe uko pembeni na fulana, unajisifu. Saa sita mchana sweta litakuwa limevuliwa, zebaki imepita nyuzi 35, na midomo yako imepasuka. Usiende duka la dawa. Nenda sokoni ununue siagi ya shea, ujipake midomo, visigino na pua, kama wanavyofanya watu wenye akili zao.

Hatua ya 3: Machi, kwa anayetaka kuokwa

Ukiambiwa kuna joto ukadhani watu wanatia chumvi, panda basi uende Navrongo mwezi Machi. Nyuzi 40 hazishangazi mtu huko. Wenyeji hufanya kazi zao mapema, kisha hurudi chini ya mwembe mpaka jua lilegee. Saa nane mchana hata mbuzi wamejibana kwenye kivuli cha ukuta. Anayetembea barabarani ni mgeni mwenye ramani.

Ila msimu huu una zawadi yake. Katika Hifadhi ya Mole nyasi zimekauka na maji yamebaki kwenye mabwawa machache, kwa hiyo tembo huja wenyewe kunywa na kuoga chini ya mteremko, nawe unawatazama kutoka juu, umekaa. Ukienda Septemba ili upate hewa nzuri, utaona nyasi ndefu na kuambiwa kwamba ndani yake kuna tembo.

Jambo moja halina utani. Kaskazini mwa Ghana iko katika ukanda wa homa ya uti wa mgongo unaoanzia Senegal hadi Ethiopia, na ugonjwa huo hupamba moto wakati wa ukavu. Chanja kabla ya kusafiri.

Hatua ya 4: Juni, kwa asiyeogopa maji

Juni, Accra hupoa kwa kulowa. Mpenda disko atakuta pia kwamba kati ya Mei na Juni Waga, wenyeji wa asili wa jiji hilo, hupiga marufuku ngoma na kelele kwa takriban mwezi mmoja kabla ya sikukuu yao ya Homowo. Hata makanisa hutakiwa kupunguza vipaza sauti. Utakuwa umelipa nauli ya ndege kwenda kusikiliza mvua.

Mvua yenyewe si ya kuchezea. Tarehe 3 Juni 2015 mafuriko na mlipuko wa kituo cha mafuta karibu na Kwame Nkrumah Circle viliua watu zaidi ya 150. Mwenyeji wako akikwambia leo usiende mabondeni, usibishane naye.

Hatua ya 5: Agosti, kwa mwenye busara

Kati ya Julai na Septemba maji baridi hupanda kutoka kilindini kando ya pwani ya Ghana. Bahari hupoa, mvua hupumzika, mawingu hufunika jua, na samaki wa jamii ya dagaa papa huja kwa wingi. Usiku wa Accra hushuka hadi nyuzi 23 hivi, nawe utalala bila kugombana na feni. Waga nao huwa kwenye Homowo, wakipika kpokpoi ya mahindi na mchuzi wa mawese. Jumamosi ya kwanza ya Septemba ni sikukuu ya Fetu Afahye, Cape Coast.

Ukiwa upande huo, ingia ngome ya Elmina, iliyojengwa na Wareno mwaka 1482, ushuke kwenye vyumba vya chini. Hata Agosti humo hakuna hewa. Waafrika waliotekwa na kufungiwa mle hawakuulizwa wanapenda msimu gani.

Hatua ya 6: Mambo yasiyo na msimu

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ni lazima. Mbu wa malaria wako kazini mwaka mzima. Maji huuzwa katika mifuko ya nusu lita: ng'ata pembe kidogo, kisha nyonya taratibu. Mgeni hujulikana kwa kulowa kifua. Kwenye trotro, daladala ya huko, kaa dirishani, na usijifanye muungwana wa kumpisha mtu mwingine.

Hukumu

Kama una safari moja tu, nenda kusini mwezi Agosti. Kama unataka tembo, vumilia Machi, kaskazini. Kama unataka kuonekana, Desemba inakungoja na bei zake. Wakati wowote utakaokwenda, tembea asubuhi na jioni, mchana kaa kivulini. Na tafadhali, usimuulize mwenyeji wako kama joto huwa hivi kila siku. Ndivyo lilivyo.