Naomba Kujibu Kama Ifuatavyo

Kuuliza si ujinga, walisema wahenga. Kuhusu kujibu hawakutuachia neno, na nadhani sababu naijua: enzi zao hapakuwa na kipindi cha maswali na majibu kutoka Dodoma.

Mimi kipindi hicho nakisikilizia kwa kinyozi wetu, kwa kuwa redio ni yake na umeme ni wake. Saa tatu asubuhi Bunge linaanza, dua inasomwa, na waheshimiwa wanaanza kuulizana mambo yetu kwa adabu ya watu walio kwenye posa: jibu kila mtu analijua tangu nyumbani, lakini mshenga lazima aseme.

Utaratibu mnaujua. Mbunge anasimama: "Mheshimiwa Spika, naomba swali langu lipatiwe majibu." Naibu Waziri anasimama, anafungua kabrasha, anaomba kujibu kama ifuatavyo. Kinachofuata ni kwamba Serikali inatambua. Inatambua changamoto, inatambua umuhimu, inatambua hata jitihada za Mheshimiwa Mbunge za kuwasemea wananchi wake. Ikishatambua inafanya tathmini, baada ya tathmini unakuja upembuzi yakinifu, na mwisho kabisa, pale ambapo mtu wa kawaida angetaja tarehe, linatajwa neno "kadiri". Kadiri fedha zitakavyopatikana. Hapo mbunge anasimama tena, anashukuru kwa majibu mazuri ya Serikali, na pamoja na majibu hayo mazuri ana maswali mawili ya nyongeza.

"Mzee," kinyozi aliniuliza siku moja, mashine ikinguruma sikioni kwangu, "kama majibu yalikuwa mazuri, hayo ya nyongeza ni ya nini tena?"

Nikamwambia suala lake nalifanyia tathmini.

Siku hiyo zamu ilikuwa ya mbunge wetu. Kwanza hatukuamini masikio yetu. Kinyozi akaongeza sauti, waliokuwa wanapita wakasimama mlangoni. Mheshimiwa alitaka kujua ni lini Serikali itatengeneza stendi yetu ya daladala, na kwa nini ushuru unaotozwa pale hauonekani kazi yake. Swali zuri, lilikaa sawasawa. Jibu lilikuwa kwamba Serikali inatambua umuhimu wa stendi hiyo, na kwamba halmashauri imeelekezwa kutenga fedha kupitia mapato yake ya ndani kadiri yatakavyopatikana.

Sasa naomba na mimi nijibu kama ifuatavyo, maana stendi hiyo naijua kuliko kabrasha.

Mapato yanapatikana. Yanapatikana kila siku kuanzia alfajiri, kabla muadhini hajasafisha koo. Kuna kijana wa ushuru anayepita kwenye kila daladala na mashine yake ya POS mkononi, na mashine hiyo sijawahi kuisikia ikisema iko kwenye mchakato. Stendi haina paa, haina benchi, haina taa. Ina dimbwi. Mvua za masika zikianza, dimbwi linachukua eneo zima, na abiria tunapanda gari kwa kuruka kutoka tofali hadi tofali. Kijana wa ushuru hana shida hiyo, kwa sababu amenunuliwa mabuti. Nimekaa nikalitafakari jambo hili: mtu aliona maji pale, akakaa kikao, akapitisha matumizi, na fedha zikatoka. Zikatoka za mabuti! Kifusi tu ndicho kinachosubiri upembuzi yakinifu.

Tukishapanda, tunakutana na konda. Desemba 2023 nauli ya daladala kwa safari isiyozidi kilomita 10 ilipanda kutoka shilingi 500 hadi 600. Shilingi mia si mali nyingi, wala sitaki kuonekana mlalamishi. Tatizo ni kwamba iliharibu hesabu ya chenji nchi nzima. Zamani ukitoa buku, unarudishiwa jero, mambo yameisha. Sasa ukitoa buku unadai mia nne, na konda mia nne hana, hajawahi kuwa nayo, na anakushangaa unavyoidai. Ananiambia: "Mzee wangu, wewe na huyo dada mgawane." Anatupa mia nane ya wote wawili: sarafu moja ya mia tano na mia tatu za mojamoja. Nawaomba wataalamu wa Wizara ya Fedha watugawie hizo. Dada akashika mia tano kwanza, nami kwa heshima ya mvi zangu nikabaki na mia tatu. Hiyo mia iliyopotea ni tozo kama tozo nyingine, ila ya kwangu nilimwona kwa macho aliyeondoka nayo.

Na konda usimlaumu sana. Mafuta anayochoma dereva wake yamebebeshwa mizigo ya watu. Mwaka 2017 Serikali ilifuta ada ya kila mwaka ya leseni ya magari, wenye magari wakashangilia, kumbe imehamia kwenye mafuta, shilingi 40 kila lita. Mwaka 2021 ikaongezwa mia kwa lita. Mwaka 2023 mia nyingine. Mimi gari sina, baiskeli yenyewe ilishauzwa, lakini ada ya leseni ya magari nalipa kila ninapopanda daladala, ninaposaga mahindi kwenye mashine ya dizeli, na ninaponunua nyanya zilizokuja kwa lori.

Nyumba pia sina. Hilo halikunisaidia. Mwaka 2021 kodi ya majengo iliingizwa kwenye LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Mwaka 2023 ikawa 1,500. Kodi ya jengo ni ya mwenye jengo, lakini anayenunua umeme ni mpangaji. Tukaambiwa tuelewane na wenye nyumba watukate kwenye pango. Nikamfuata mwenye nyumba wangu, nikampigia hesabu vizuri: elfu moja na mia tano mara miezi kumi na miwili, elfu kumi na nane. Alinisikiliza kwa utulivu mkubwa, akasema, "Bwana mpangaji, nakushukuru kwa kulileta. Nalipokea, nitalifanyia kazi." Nikajua na yeye ana redio.

Wenzetu wa majimbo mengine nao wanauliza, msidhani ni sisi tu. Mabasi ya mwendokasi yalianza njia ya Kimara mwaka 2016, na njia ya Mbagala ilipojengwa ikafika mahali zege limekamilika, vituo vimekamilika, kilichokosekana ni basi. Bodaboda wakapata barabara ambayo hata kwao hawakuwahi kuiota. Maswali yakaulizwa, Serikali ikatambua. Wakati huohuo treni ya umeme ilipoanza kwenda Dodoma mwaka 2024, safari ya kutoka Dar es Salaam ikawa ya saa tatu na kitu. Kwa hiyo siku ya mvua mheshimiwa anaweza kuondoka mjini, akafika Dodoma, akauliza swali kuhusu foleni yetu, akajibiwa, akashukuru kwa majibu mazuri, na mimi bado niko kwenye foleni hiyo nimesimama kwa mguu mmoja.

Ndipo kinyozi, ambaye ni msomi wa redio, akauliza swali ambalo halimo kwenye orodha ya shughuli za siku: "Hizi kodi unazozilalamikia, mzee, zinapitishwa na nani?"

Hapo ndipo uhondo ulipo, ndugu msomaji. Ibara ya 63 ya Katiba inampa mbunge ruhusa ya kumwuliza Waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma. Safi. Lakini Ibara ya 138 inasema hakuna kodi itakayotozwa isipokuwa kwa sheria iliyotungwa na Bunge. Maana yake ile mia kwa lita, na ile elfu na mia tano ya LUKU, zilipita mbele ya mheshimiwa wetu. Aprili na Mei anauliza kwa uchungu mpaka sauti inakwaruza. Juni unaletwa Muswada wa Sheria ya Fedha, wanaoafiki wanaambiwa waseme ndiyo, na ile ndiyo inayotoka redioni ni ndefu kuliko foleni ya Kariakoo. Na sauti yake humo naitambua; ile ile iliyokuwa inakwaruza Mei, Juni imepona kabisa.

Kukataa nako kuna gharama zake, tumwonee huruma. Ibara ya 90 inasema Bunge likikataa kupitisha bajeti ya Serikali, Rais anaweza kulivunja. Bunge likivunjwa, mheshimiwa anarudi kwetu kuomba kura, na njia ya kufika kwetu inapita kwenye lile dimbwi. Hata mimi ningesema ndiyo.

Lakini ushuru wa stendi haukutungwa Dodoma. Huo unatokana na sheria ndogo ya halmashauri, inayojadiliwa na Baraza la Madiwani. Na mbunge wa jimbo, kwa mujibu wa sheria za serikali za mitaa, ni mjumbe wa baraza hilo. Ana kiti pale, na makabrasha ya mapato na matumizi anagawiwa kama diwani yeyote. Yaani mheshimiwa wetu amesafiri hadi Dodoma kumwuliza Naibu Waziri wa TAMISEMI swali ambalo angemwuliza mweka hazina wa halmashauri aliyekaa meza ya pili kutoka kwake. Naibu Waziri naye, baada ya tathmini, amelirudisha swali kwenye halmashauri. Swali limezunguka nchi na kurudi lilikotoka, na kila lilipopita limelipiwa posho.

Simlaumu kwa kuuliza. Aulize, tena aulize sana, na wala asiishie kwenye majibu mazuri. Ninachosema ni kwamba Dodoma anaulizwa Waziri, na huku nyumbani anayestahili kuulizwa ni yeye. Akija kwenye mkutano wa hadhara, msimwombe mpira na jezi. Swali la msingi: siku ushuru wa stendi unapitishwa, Mheshimiwa, ulikuwepo kikaoni? Maswali mawili ya nyongeza: umekusanywa kiasi gani, na kimenunua nini zaidi ya mabuti?

Asipokuja, tumfuate sisi. Baraza la Madiwani hukaa kila baada ya miezi mitatu, na mkutano wake uko wazi kwa mwananchi yeyote anayetaka kwenda kusikiliza. Nendeni mkakae. Kiingilio ni bure, na mpaka naandika hapa bado hakijawekewa ushuru.