Muulize Babu Bisibisi: Treni Imefika Tumati

*Shikamoo Babu. Nimestaafu kazi ya reli, nimerudi kwetu Tumati, Mbulu. Nimetandika reli ya mfano bustanini, inapita katikati ya vitunguu saumu. Mvua ikianza nabeba vichwa vya treni kwa beseni hadi chumbani. Nataka kibanda cha karakana. Mke wangu anasema kibanda kikisimama kitakuwa cha vitunguu. Nani mwenye haki? — Stesheni Masta bila Stesheni*

Marahaba. Mwenye haki ni mkeo, lakini hukuniandikia ili usikie hilo.

Wajerumani walifikisha reli Moshi mwaka 1911, na ile ya kati ikagusa Kigoma mwaka 1914. Waingereza wakaivuta ya kaskazini hadi Arusha mwaka 1929, ikatulia hapo kama mgeni aliyeona kochi. Sisi wa Mbulu tukabaki katikati, habari za treni tunaletewa na watu wa basi. Kwa hiyo mtu akiileta kwa beseni, mimi simcheki. Simcheki sana.

Sasa kibanda. Usihangaike kusawazisha kilima, chimba ndani yake. Wazee wa Kiiraqw walizichimbia nyumba zao ubavuni mwa kilima, wakaziezeka kwa udongo, wavamizi wa ng'ombe wasizione kwa mbali. Palipofaa kuficha ng'ombe patafaa kichwa cha treni. Ukuta wa nyuma ni ardhi yenyewe, na baridi ya Julai itakupata kwa shida. Ila anza na mtaro juu ya huo ukuta, maana maji ya masika hayapigi hodi.

Kama utaezeka kwa bati, usiliache tupu. Usiku wa kwetu unauma. Pumzi yako na mvuke wa chai vinapanda, vinakutana na bati la baridi, alfajiri vinadondoka juu ya meza. Utakuta gia zimeota kutu, umlaumu mtoto wa jirani. Piga silingi bodi, uache upenyo wa hewa. Sakafu iwe ya saruji: skrubu ya milimita 2 ikianguka kwenye udongo imeshazikwa, na tanga huwezi kuikalia. Treni itobolee mlango wake ukutani, usawa wa reli, wenye kifuniko, kwa sababu usiku panya nao ni abiria.

Na reli ya kuingilia isipande zaidi ya sentimita 2 au 3 kwa kila mita. Ukizidisha, magurudumu yatazunguka pale pale na utaisukuma treni kwa kidole, aibu hiyo kwa mstaafu wa reli. Ipitishe kwa kuzunguka, kama ng'ombe anavyopanda mlima.

Vyumba viwe viwili. Kikubwa cha vitunguu.

*Babu, mimi na mjomba tunaanza reli ya bustani. Yeye anataka treni ya zamani, mimi nataka SGR. Sasa hata kula hatuli pamoja. — Mpwa wa Kisasa*

Mpwa, rudi mezani. Reli nyingi za bustani zina upana wa milimita 45, upana ambao chapa ya LGB ya Ujerumani inautumia tangu mwaka 1968. Reli ya mjomba, ya kati na ya Tanga, ina upana wa mita 1. Gawa kwa 22.5, unakaribia 45. SGR ni milimita 1,435. Gawa kwa 32, unafika pale pale. Serikali ilibidi itandike njia mpya kabisa, nyie njia moja inawatosha wote wawili. Ila treni yako itakuwa imepunguzwa zaidi kuliko ya mjomba, na mjomba atalisema hilo kila Jumapili.

Wa TAZARA msiniandikie. Gaweni kwa 23.7.

*Mbuzi wangu amekula stesheni ya jirani. Anadai fidia. — Mfugaji*

Ilijengwa kwa nini? Kama ni boksi, mlipe boksi. Kama ni mbao iliyopakwa rangi, mwite kwanza bwana mifugo.

*Babu, mume wangu ni yule anayekuandikia kuhusu kibanda. Najua, kwa sababu barua zake mimi ndiye ninayempa kondakta. Vitunguu ni kisingizio tu. Hivi sasa treni iko chumbani kwetu na bado haniachi niiguse. Siku ya mnada anaondoka asubuhi, mimi na watoto tunabaki kutazama beseni. Akijenga kibanda ataweka na kufuli. — Mama wa Vitunguu*

Mama, mwache ajenge. Ufunguo utaukuta kwenye kopo la misumari, chini kabisa, chini ya ile ya bati. Sote tunauweka hapo. Ukifika kwenye kona, punguza mwendo.