Sifa za Mheshimiwa Kunyanzi

Katika yote yanayokaa usoni mwa binadamu, hakuna linalochukiwa kwa gharama kubwa kama kunyanzi la pembe ya jicho. Chunusi hutukanwa bure na mara nyingi huondoka zenyewe. Upara una watetezi wake, tena wapo wanaonyoa kichwa kizima ili uonekane ni uamuzi. Lakini kunyanzi, kamstari ka sentimita moja au mbili, ameundiwa vikosi: krimu za usiku, krimu za mchana, barakoa, miale ya leza, sindano. Mtu anayedaiwa kodi ya nyumba ya miezi miwili atanunua bila kusita kichupa cha gramu 15 kwa sababu kimeandikwa kwamba kitampunguzia miaka kumi. Mshitakiwa anayeandamwa na umati kama huo bila wakili anastahili japo mtu mmoja wa kumsemea, nami najitolea bila malipo. Hoja yangu ni moja: katika watumishi wote walioajiriwa usoni, kunyanzi la jicho ndiye mwadilifu kuliko wote. Haandiki asichokiona, haghushi tarehe, na anayetaka kumhonga ajiandae kumhonga maisha yake yote.

Tuanze na kituo chake cha kazi, maana ni kigumu. Ngozi ya kope ndiyo nyembamba kuliko zote mwilini, haifiki hata milimita moja, na ya kandokando ya jicho haijaizidi sana. Tezi za mafuta hapo ni chache, kwa hiyo hukauka upesi. Chini yake umelala msuli wa duara unaolizunguka jicho lote, ambao kazi yake ni kulifumba. Kila ukicheka, ukipiga chafya, ukifinya macho kwa jua au kwa vumbi la bodaboda iliyokupita, msuli ule hujikaza na ngozi iliyo juu yake hujikunja, mistari mitatu minne ikaanzia kwenye pembe ya jicho na kutawanyika kuelekea sikioni. Ujanani mistari hiyo huja na kicheko na kuondoka nacho, kwa kuwa ngozi ina kolajeni na elastini za kutosha kuirudisha mahali pake. Miaka ikisogea mwili hupunguza kutengeneza kolajeni, na kwa wanawake upungufu huo huenda kasi zaidi baada ya hedhi kukoma. Mkunjo huanza kuchelewa kuondoka, mwishowe hubaki hata mwenyewe akiwa amelala fofofo. Yaani kibarua aliyekuwa akiitwa siku za kazi nyingi amepewa ajira ya kudumu, baada ya kipindi cha majaribio cha miaka ishirini au thelathini. Ni ofisi ngapi za umma zinazoajiri kwa uangalifu huo?

Kuhusu uaminifu wake katika kutunza kumbukumbu, ushahidi umefika hadi kwenye majarida ya tiba. Mwaka 2012 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha picha ya dereva wa lori wa Marekani, mzee wa miaka 69 aliyekuwa ameendesha kwa miaka 28. Upande wa kulia wa uso wake ulikuwa na uzee wa kawaida. Upande wa kushoto, uliokuwa ukielekea dirishani, ngozi ilikuwa imekuwa nene, imelegea na kujaa mifereji kuanzia chini ya jicho hadi shavuni. Kioo cha dirisha la pembeni la gari huzuia sehemu kubwa ya mionzi ya urujuanimno inayounguza ngozi, lakini huipitisha ile inayopenya ndani zaidi na kuivunja kolajeni kimyakimya. Kwetu magari hupita kushoto na usukani uko kulia, kwa hiyo dereva wa lori la Dar es Salaam hadi Tunduma ana sababu ya kuliangalia zaidi shavu lake la kulia. Kunyanzi habahatishi: upande ulioonja jua huuandika, na usiolionja hausingizii. Mvuta sigara naye huandikiwa mara mbili, kwanza kwa moshi unaomfanya afinye macho, pili kwa sumu za tumbaku zinazoila kolajeni kutokea ndani. Na mweusi huandikiwa polepole kuliko mweupe, si kwa upendeleo, bali kwa sababu melanini hupunguza mionzi inayoingia. Ndiyo maana mtalii kutoka Ulaya na mwenyeji wake wa Bagamoyo, waliozaliwa mwaka mmoja, wanaweza kuketi meza moja na mhudumu akampa shikamoo mmoja tu.

Mtu aliyezaliwa na kinga hiyo, asiyoilipia hata senti, ndiye huyohuyo anayekwenda kununua mkorogo ili aiondoe. Hapa ndipo uvumilivu wangu unapofika mwisho. Mkorogo, huo unaochanganywa ndani ya kopo nyuma ya pazia la saluni na kuuzwa kwa kipimo cha kijiko, mara nyingi huwa na haidrokwinoni, steroidi kali au zebaki. Haidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku katika vipodozi Tanzania na Kenya, na bado zinapatikana kwa anayejua pa kuuliza. Zebaki huharibu figo na neva. Steroidi huikondesha ngozi hadi vimishipa vya damu vikaonekana, na zikipakwa karibu na jicho kwa muda mrefu zinaweza kuleta presha ya macho. Matokeo tunayaona barabarani: uso wa rangi moja, vifundo vya vidole vya rangi nyingine, na pembeni mwa macho ngozi iliyokwisha nguvu, isiyo na melanini ya kuitetea mbele ya jua la saa saba mchana. Anayejichubua ili aonekane kijana anamjengea kunyanzi ofisi mpya yenye kiyoyozi, na kumlipia umeme.

Tukiacha jua, liko jambo ambalo kunyanzi hulishuhudia na midomo haiwezi. Mwaka 1862 daktari Mfaransa Guillaume Duchenne alichapisha kitabu chenye picha za watu aliowachochea misuli ya uso kwa umeme. Mmoja wao alikuwa mzee kibogoyo ambaye uso wake ulikuwa na ganzi, hivyo umeme haukumsumbua. Duchenne alipouchochea msuli wa shavu, midomo ya mzee ilipanda ilivyotakiwa, ila macho yalibaki hayana habari na sherehe ile. Akahitimisha kwamba msuli wa shavu hutii amri, lakini ule wa kuzunguka jicho huitikia furaha ya kweli tu. Charles Darwin alizitumia picha hizo katika kitabu chake cha mwaka 1872 kuhusu hisia, na mpaka leo wanasaikolojia hulitaja kwa jina la Duchenne tabasamu linalokunja pembe za macho. Mpinzani atasema kwamba utafiti wa baadaye umeonyesha wengi wanaweza kuukaza msuli huo kwa kuombwa tu, na kweli umeonyesha. Kila mwenye kugombea kura anaujua ufundi huo. Lakini tabasamu la mbele ya kamera halina uwezo wa kuacha alama ya kudumu. Alama hutaka marudio ya miaka. Na mtu aliyeigiza furaha kwa miaka 30 mfululizo, mbele ya wateja, wakwe na majirani, bila kuchoka, sijui tumnyime cheti cha furaha kwa msingi gani.

Kuna pia utumishi wake kwa jamii. Sisi ni watu wa kuamkiana, na kuamkiana kunadai umri ujulikane papo hapo, kabla konda hajadai nauli. Nani atoe shikamoo na nani aipokee? Mvi hazisaidii tena, zimezamishwa ndani ya kanta au piko. Meno ya bandia hung'aa kuliko ya kuzaliwa nayo. Kitambulisho hakionyeshwi kwa mpita njia, na hata kikionyeshwa, tarehe za kuzaliwa zina visa vyake, hasa kwenye mpira. Katika Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 la mwaka 2009, FIFA ilianza kuwapima wachezaji mifupa ya kifundo cha mkono kwa MRI. Watazamaji wa jukwaani walikuwa wamemaliza upimaji wao zamani kwa kuwatazama usoni. Katika mkanganyiko wote huo, kunyanzi humpa kijana wa daladala jibu la haraka: mistari mitatu kila pembe, toa shikamoo. Utaniambia kwamba mvuvi wa miaka 35, anayefinya macho kila siku kwa mng'ao wa bahari, ataamkiwa kabla ya wakati. Ataamkiwa, na ni haki yake. Kuishi kwingi ni kuona mengi, na mvuvi huyo ameshaona dhoruba ambazo karani wa rika lake, aliyekaa kivulini, amezisikia redioni.

Lipo pingamizi moja ambalo sitalipita kwa mzaha. Makunyanzi hayaletwi na kicheko peke yake. Anayelia huukaza msuli uleule, anayeumwa kadhalika, na mama lishe anayepuliza kuni mbichi tangu saa kumi alfajiri hufinya macho kwa moshi siku nenda rudi bila kuchekeshwa na lolote. Je, kumsifu kunyanzi si kuyasifu mateso? Hapana. Mtumishi aliyeiandika hasara siye aliyeisababisha, na kuchana daftari hakurudishi fedha. Macho ya mama lishe yakikunjamana, cha kumtafutia ni jiko lisilotoa moshi, si krimu. Na jua lina upande wake mbaya zaidi ya mikunjo: kwa watu wenye ualbino, ambao ngozi yao haina melanini ya kutosha, mionzi hiyohiyo huleta saratani ya ngozi. Losheni ya Kilisun, inayotengenezwa katika hospitali ya KCMC mjini Moshi kwa ajili yao, ni kinga ya uhai, na atakayeiita urembo hajaona kidonda cha saratani kwenye uso wa kijana. Hapo kunyanzi mwenyewe angepewa nafasi ya kusema angeomba apunguziwe kazi.

Sasa matibabu, maana mteja wangu hawaogopi wapinzani wake na anataka watajwe kwa haki. Ute wa yai huikaza ngozi kwa saa chache, kisha unaoshwa na mambo yanarudi yalivyokuwa. Liwa hupoza uso na kunukia vizuri, na kwa mwenye kuipenda hiyo ni faida tosha, ila mkunjo wa kudumu hausogei. Krimu za kulainisha huijaza ngozi maji ili vimstari vidogo visionekane mpaka jioni. Kinachozuia kweli ni losheni ya kukinga jua. Katika jaribio lililofanyika Nambour, Australia, na kuchapishwa mwaka 2013, watu wazima 903 walifuatiliwa kwa miaka minne na nusu, na walioelekezwa kupaka kila siku walionyesha uzee wa ngozi pungufu kwa asilimia 24 kuliko waliopaka walivyopenda wenyewe. Tretinoini, dawa ya jamii ya vitamini A inayoandikwa na daktari, huchochea kolajeni na kupunguza mistari, lakini hutaka miezi kadhaa ya subira, huwasha na kubabua ngozi mwanzoni, na mjamzito hapaswi kuigusa.

Halafu ipo ile rushwa kubwa: sumu ya bakteria Clostridium botulinum, ambayo katika chakula cha kopo kilichoharibika inaweza kuua mtu, na katika sindano ndogo humfanya alipe akishukuru. Mwaka 1987 mjini Vancouver, Kanada, daktari wa macho Jean Carruthers alikuwa akiitumia kutibu kope zinazojifumba zenyewe, ikaonekana kwamba mikunjo ya katikati ya nyusi inalainika pia. Akashirikiana na mumewe Alastair, daktari wa ngozi, kulifanyia kazi jambo hilo. Marekani iliidhinisha sumu hiyo, iitwayo Botox sokoni, kwa mikunjo ya katikati ya nyusi mwaka 2002, na kwa ya pembe za macho mwaka 2013. Inafanya kazi, sikatai. Msuli ukipoozwa, ngozi haina cha kuikunja. Ikichomwa vibaya, kope huweza kulegea na kulifunika jicho nusu kwa wiki kadhaa. Ikichomwa vizuri, nguvu yake hudumu miezi mitatu au minne, kisha msuli unaamka na mlipaji anarudi kwenye foleni. Hivyo mtumishi hakufukuzwa. Amepewa likizo yenye malipo, na malipo yanatoka mfukoni mwa aliyetaka kumfukuza.

Atakayebaki na hamu ya kutumia fedha kwenye eneo la macho baada ya utetezi wote huu, namwelekeza kwenye matumizi ambayo mteja wangu mwenyewe angeyaidhinisha. Kuanzia miaka 40 hivi lenzi ya jicho hukakamaa. Simu huanza kusogezwa mbali mpaka mkono unyooke, sindano haipitishwi uzi ila kwa kumwita mjukuu, bei kwenye paketi husomwa kwa kufinya macho, na kila kufinya ni mstari mwingine kwenye daftari. Tiba yake ni miwani ya kusomea, ambayo bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya sindano moja ya Botox. Ongeza kofia pana na miwani ya jua yenye kinga ya mionzi, mkorogo utupe jalalani, na makunyanzi yaliyokwisha ajiriwa yaache yamalizie utumishi wake. Ukiwa na laki moja ya kuhangaikia macho yako, nenda kwanza ukapime kama yanaona.