Palahala Hajawahi Kuiba Andazi

Ukisikiliza malalamiko ya wanachuo wa Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, kuhusu wanyama, utadhani vyuo vimezingirwa na jeshi. Nyani kaingia bwenini na kutoka na mkate. Ngedere kakaa kwenye kenchi anachungulia sufuria. Mbuzi katafuna andalio la somo usiku wa kuamkia mazoezi ya kufundisha, na mkufunzi, kama wakufunzi wote tangu enzi, kakataa kuamini. Sababu inayotolewa ni ileile: huku ni porini, bwana, Selous hiyo hapo, ulitegemea nini? Mimi naona pori linasingiziwa. Mnyama haji chuoni kwa kuwa pori liko karibu. Anakuja kwa kuwa chuo kina ratiba, na ndani ya ratiba hiyo kuna chakula. Kengele ya chai ya saa nne inasikika na kila mwenye masikio, na hakuna kanuni ya chuo inayosema masikio hayo lazima yawe yamelipiwa ada.

Tuanze na wale wasiokuja. Ukielekea Liwale na kuingia Pori la Akiba la Selous unakuta nyati, pofu na palahala, yule mweusi mwenye pembe zilizopinda nyuma, ambaye kwake Selous inasifika. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori hilo ilipandishwa cheo ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Kama ujirani na pori ndio unaoleta wageni, palahala naye angekuwa ameshafika bwaloni. Hajafika. Hakuna mwanachuo aliyewahi kuripoti kwa mkufunzi wa zamu kwamba palahala kamnyang'anya andazi. Wanaofika ni nyani, ngedere, panya, kunguru na mbuzi, yaani wale tu ambao orodha yao ya chakula inafanana na yetu. Sasa nenda Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katikati ya jiji la mamilioni ya watu, mbali na tembo wote. Tumbili wapo, na wanajua mabweni na migahawa kuliko mwanachuo wa mwaka wa kwanza aliyeshuka jana kwenye basi. Pori liko wapi pale? Jalala lipo.

Mtu atapinga: sawa, nyani anataka mkate, lakini nyoka je? Swila hali maharage. Pingamizi hili ni zuri, na jibu lake liko chini ya kitanda. Chini ya kitanda cha mwanachuo kuna unga, makopa na karanga zilizotoka nyumbani, na juu ya mfuko huo yuko panya. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wao mkubwa wa karanga Tanganyika, na Nachingwea ikawa miongoni mwa vituo vyake; wakatandika reli kutoka pwani, wakashusha matingatinga, na kufikia 1951 mradi ulikuwa umekufa, na takriban pauni milioni 36 zimekwenda nao. Panya wa bwenini hana reli wala mkopo, na mavuno yake ya karanga hayajawahi kuyumba. Swila anamfuata yeye, si sisi. C.J.P. Ionides, Mwingereza aliyekuwa bwana nyama Liwale na baadaye akahamia kazi ya kukamata nyoka huku kusini, alijipatia nyoka wengi kwa kuitwa na wanakijiji waliowaona karibu na nyumba zao. Nyumba ndiko panya aliko.

Mnyororo wa namna hii si porojo ya kuchekesha darasa. Mwaka 2005 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Craig Packer na wenzake, wakiwemo Watanzania Dennis Ikanda na Bernard Kissui, kuhusu simba wala watu nchini. Tangu 1990 watu wasiopungua 563 walikuwa wameuawa, na Lindi ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyoumia zaidi. Simba walikithiri kuvamia watu pale penye nguruwe pori wengi na mawindo mengine machache: nguruwe alifuata mazao, mkulima akalala kwenye dungu kuyalinda, simba akamfuata nguruwe na kumkuta mkulima. Hapo mzaha unakoma. Lakini hoja ni ileile, na ndiyo maana siipuuzi hata inapohusu andazi.

Wapo wanaosema dawa ni uzio. Nyani kwake uzio ni ngazi. Na hata ule uzio mzuri haumalizi muhula bila kutobolewa na wanachuo wenyewe, wanaotafuta njia ya panya ya kwenda kwa mama lishe usiku; mbuzi akipita hapohapo kesho yake, tunamwita mvamizi. Wengine wanataka bunduki. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 haimruhusu mkuu wa chuo kugeuka mwindaji, na hata ingemruhusu, ukiua kundi moja huku jalala limebaki wazi, umetangaza nafasi za kazi tu. Na asitegemee fedha: serikali ina kanuni za kifuta jasho na kifuta machozi, zenye viwango vya shamba lililoliwa na mtu aliyejeruhiwa au kuuawa. Andalio la somo halimo.

Nakubali kuna mgeni mmoja anayeisumbua hoja yangu, naye ni ng'ombe. Baada ya wafugaji kuondolewa bonde la Ihefu mwaka 2006 na 2007, wengi walielekezwa mkoani Lindi, na ng'ombe wakaanza kuonekana mahali ambapo wazee walizoea kuku na mbuzi. Ng'ombe haangalii ratiba. Anaangalia fimbo ya aliye nyuma yake. Anakula nyasi ambazo wachelewaji wa paredi wangefyeka kama adhabu, na hivyo anamharibia mkufunzi wa zamu nidhamu ya chuo.

Pingamizi la mwisho lina haki zaidi ya yote: mwanachuo hafichi makopa bwenini kwa ulafi, anayaficha kwa kuwa wali wa bwaloni una mpaka wake. Kweli kabisa. Ndiyo maana sidai chakula kipigwe marufuku vyumbani. Nadai ndoo yenye mfuniko wa kukaza, na shimo la taka linalofukiwa badala ya kutazamwa. Anayeendelea kubisha kwamba tatizo ni pori, aisogeze chai ya saa nne iwe saa tano kwa wiki mbili. Wiki ya pili ahesabu waliochelewa, wanachuo upande mmoja, nyani upande wa pili.