Jiwe la Bwana

Nyumbani kwangu nyanya hazikatwi, zinapondwa. Ukikandamiza kisu, maji yanaruka ukutani na ganda linabaki salama. Kitunguu ndiyo usiseme, kinateleza na kukuachia kidole. Na haya yanatokea katika nyumba yenye wembe ambao, kwa maelezo ya mwenyewe, unakata unywele ulioshikwa ncha moja tu hewani.

Wembe ni wa mume wangu. Ni ule wa kukunja, wa Solingen, Ujerumani, wa aina waliyonyolea wanaume kabla Gillette hawajaanza kuuza nyembe za kutumia na kutupa mwaka 1903. Kwa wembe sina neno. Ugomvi wangu ni jiwe.

Alilileta shemeji anayeishi Liège, Ubelgiji. Nilipopokea kifurushi kizito vile nilidhani ni chokoleti. Kumbe kinoo! Wenyewe wanaliita kotikuli, linatoka Ardennes, upande wa Vielsalm. Rangi yake ni njano iliyopauka, na tabaka zake huko ardhini ni nyembamba, mara nyingi sentimita chache tu, ndiyo maana hubandikwa juu ya sleti lisije likavunjika. Ndani mna chembechembe za garneti, jamaa ya vito vinavyochimbwa bonde la Umba kule Tanga, na hizo ndizo zinazokula chuma. Pale Salmchâteau limejengewa hata makumbusho. Haya yote nimehadithiwa mezani, huku tukila kachumbari ya kupondwa.

Jumapili asubuhi shughuli inaanza. Anatandika taulo (langu). Anachukua kijiwe kidogo, anasugulia juu ya kile kikubwa kwa maji mpaka utoke uji mweupe. Kisha wembe unalazwa bapa, mgongo na makali vyote viguse jiwe, kwa sababu mgongo ndio unaoshika pembe na mnoaji hana haja ya kukisia. Yaani kazi imeshafanywa nusu na aliyeufua huo wembe, na bado asubuhi nzima inaisha! Uji ukiwa mzito makali yanakuja haraka lakini yanabaki na ukali wa kukwaruza, kwa hiyo anaongeza maji tone moja, ananoa, tone jingine, ananoa, mpaka yabaki maji matupu. Watoto hawaruhusiwi kubamiza mlango. Mgao wa maji wa mtaani haumhusu.

Halafu kujaribu. Yeye ana upara, kwa hiyo anakuja kwangu.

"Mama Watoto, nipe unywele mmoja."

"Nimesuka, Baba."

"Huo wa kisogoni tu."

Unang'olewa. Usipokatika, kosa ni la unywele: una mafuta mengi. Siku nikikataa anajaribia mkono wake wa kushoto, ambao sasa umenyonyoka kama kuku wa sikukuu. Kisha mkanda wa ngozi unafungwa kwenye kitasa cha chumba cha kulala, na mimi niliye ndani nisubiri. Ndevu zenyewe ukizitazama, ni za kuhesabika.

Siku moja nikampelekea kisu changu. "Na hiki, Baba, kwa kuwa umeshalowana."

Alinyamaza kwanza. Kisha akanieleza, taratibu sana, kwamba kisu cha jikoni kitalichimba jiwe bonde katikati, na wembe haunoleki kwenye jiwe lenye bonde. Tena jiwe hili lina zaidi ya miaka milioni 400. Nikamwambia kama limevumilia yote hayo, haliwezi kuuawa na kisu cha nyanya. Hakucheka.

Basi nanolea kitako cha kikombe, pale pasipopakwa rangi, kama alivyonionyesha bibi yangu. Au namngoja mzee anayepita na baiskeli. Anaiegesha, anakanyaga pedali, jiwe linazunguka, cheche zinaruka, unalipa, unaendelea na mchuzi. Mume wangu akimwona anatikisa kichwa: yule anaunguza chuma, kinapoteza ugumu wake. Inawezekana kabisa. Lakini mzee ananoa visu vya mtaa mzima kabla mtu fulani hajamaliza tone lake la tatu.

Sasa ameanza kutaja Kyoto. Eti huko Japani kuna mahali panaitwa Nakayama, mawe yake hayana mfano kwa nyembe, na mgodi umeshafungwa, kwa hiyo anayechelewa atayanunua kwa bei ya kiwanja. Nimemuuliza kuhusu ada za muhula ujao, akaniuliza kama nimeona kitambaa chake cha kufutia jiwe.

Sijabishana naye. Nimempigia simu mama mkwe kijijini, nikamsifia kinoo cha mwanawe, kwamba kipana, kinaingia hata panga. Amefurahi mno. Anakuja Jumamosi, analo la kwake na mawili ya jirani.